Dholi ya jirani "imelegea": usiikaze bado

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mpigaji ngoma hapa Mombasa, nimekulia kwenye chapuo na vumi. Jirani yetu Mpunjabi alipohamia ng'ambo kwa watoto wake aliniachia dholi, ngoma yao kubwa ya nyuso mbili, iliyokuwa ya marehemu baba yake. Sasa mjukuu wake anarudi kuoa mwezi wa Desemba, na ameniomba nimpigie wakati bwana harusi anaingia. Tatizo ni kwamba upande wa besi umelegea kabisa. Niliuotesha moto kama tunavyofanya siku zote, ukakaza kidogo, halafu ukaanza kulia kama sinia. Nilipolegeza kamba na kuchungulia ndani nikakuta ngozi ina kitu cheusi kinanata. Nikadhani ni uchafu, nikaanza kukikwangua. Upande wa pili ni plastiki, na rafiki yangu anasema niutoe niwambe ngozi ya mbuzi iwe dholi ya asili. Mama naye ana wasiwasi: sisi Waislamu, hiyo si ngoma ya hekaluni? Na hata nikipiga, mdundo nimeukariri kwenye video lakini hauchezeki. Nifanye nini, na nitawahi kweli?"

Marahaba, ndugu yangu. Kabla ya jambo jingine lolote, acha kukwangua. Hicho ulichokiona uchafu ndicho kinachoipa dholi sauti yake, na kila kipande kilichobaki ni mali.

Nimelisoma swali lako mara kadhaa. Naona una hofu mbili zilizoshikana: chombo cha marehemu kimeharibikia mikononi mwako, na wewe mwenyewe unajiuliza kama unastahili kukipiga mbele ya wenyewe. Nitaanza na chombo, maana Desemba haingoji.

Wewe ni mtu wa chapuo na vumi. Mkono wako umelelewa na ngozi iliyowambwa ikakaza, na sikio lako linajua kwamba ngozi ikilegea ngoma imelala, na dawa ya ngoma iliyolala ni jua au moto wa makuti. Kwa ngoma zetu hiyo ni dawa sahihi. Ngozi ya mbuzi hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa ina unyevu usiku na mchana. Ikishalowa hurefuka, ikipata joto hukauka, hujivuta, na sauti hupanda. Lakini dholi ya Wapunjabi haikutengenezwa ili besi yake ikaze na kulia. Upande mmoja unatakiwa uwe mzito, sauti ishuke mpaka kifuani mwa msikilizaji kisha ikatike upesi. Upande wa pili unatakiwa uwe mkavu na mkali, kama ukuni unaopasuka motoni. Ni ngoma mbili ndani ya pipa moja. Ndiyo maana nadhani siku ile ya kwanza uliposema "imelegea", haikuwa imelegea kiasi hicho. Sikio lako lilikuwa linangoja vumi.

Kuna kipimo chepesi cha kuhakikisha, nacho ni kidole gumba. Bonyeza katikati ya ngozi ya besi, polepole. Ikifanya makunyanzi ukingoni karibu na pete, ule mduara ambao ngozi imewambwa juu yake, hapo imelegea kweli. Ikibonyea kidogo bila kunyanzi hata moja, kisha ikarudi yenyewe, iko mahali pake, hata kama mlio wake unauona mzito kupita kiasi. Kwa sasa kipimo hiki hakitakusaidia, kwa sababu ngozi imekwisha ota moto na kile kitu cheusi kimekwanguliwa. Kiweke akilini kwa ajili ya ngozi utakayokuwa nayo baadaye.

Masala ndilo jina la kile kitu cheusi. Ni neno lile lile la jikoni, kwa maana ya mchanganyiko. Hupakwa upande wa ndani wa ngozi ya besi, ikakaa pale kama chapati nyembamba inayonata. Kila fundi ana kanuni yake, na wengi hawaitoi hovyo. Kwenye dholaki, ambayo ni ndugu mdogo wa dholi anayepigwa kwa viganja, mchanganyiko unaojulikana ni lami, udongo na mchanga. Vyovyote utakavyochanganywa, lililo muhimu ni kwamba ni mzito na haukauki ukawa mgumu.

Itazame kamba ya kuanikia nguo. Ikiwa tupu, ukiigusa inatetemeka harakaharaka. Itundike shuka iliyolowa, uiguse tena: sasa inayumba taratibu, ingawa fundo zake hukuzilegeza hata kidogo. Ngozi nayo iko vivyo hivyo. Masala huipa uzito, ikatikisika polepole, na ngozi inayotikisika polepole ndiyo yenye sauti ya chini. Tena, kwa kuwa masala ni laini, humeza vile vilio vidogo vidogo vya pembeni ambavyo wewe umeviita sinia. Kinachosikika ni "dum" moja safi, halafu kimya.

Hapa ndipo mafundi waliobuni chombo hiki wanaponiteka moyo kila mara. Dholi ya kamba, kama hiyo yako, hufungwa kwa kamba inayopanda na kushuka kati ya nyuso zake mbili. Ukiivuta, inazivuta nyuso zote mbili. Huwezi kuukaza upande mmoja ukauacha mwingine ulale. Na upande mkali unadai mkazo mkubwa. Bila masala, mkazo huo huo ungeipandisha besi, ukabaki na sauti mbili zinazofanana. Masala ndiyo inayoruhusu kamba ikaze sawasawa na besi bado ishuke. Siku hizi zipo dholi zinazokazwa kwa bolti na spana, ambazo kila uso una mkazo wake. Hata hizo hupakwa masala, kwa sababu watu wanautaka mlio ule ule.

Sasa unaweza kuona kilichotokea pale motoni. Ngozi ilikauka ikakaza, na wakati huo huo masala ikalainika ikatiririkia upande uliokuwa chini. Uzito ukahama. Baadaye kisu kikaondoa sehemu ya uliobaki. Umebaki na ngozi iliyokaza isiyo na kitu cha kuituliza, na ngozi ya namna hiyo lazima ilie kama sinia. Ukijaribu kuitibu kwa kuikaza zaidi utaipoteza kabisa. Waliosema ngoma ikivuma sana hupasuka walikuwa wameiona: hupasukia ukingoni, pale ngozi inapokunjwa kwenye pete.

Kama ulichokwangua ni kidogo, chini ya robo tuseme, na ngozi yenyewe haina ufa, jaribu kwanza kuiokoa. Toa ule uso wote pamoja na pete yake, ulaze juu ya meza, upande wa ndani ukitazama juu, mahali penye kivuli. Ukae hapo siku nzima upoe na kutulia. Kisha kwa mgongo wa kijiko, bila maji na bila moto, irudishe masala polepole kuelekea katikati mpaka iwe duara lenye unene unaolingana. Joto la viganja vyako linatosha kuilainisha. Nakusihi usijazie pengo kwa kitu cha kubahatisha, iwe gundi ya mbao au lami ya barabarani. Niliwahi kuletewa dholi iliyojazwa gundi ya mbao. Gundi ilikauka ikawa kama kigae, na kwa pigo la kwanza la nguvu ikaichana ngozi kutoka ndani.

Kama umekwangua zaidi ya hapo, njia ninayoiamini ni kubadilisha uso mzima. Ngozi za besi zilizokwisha wambwa kwenye pete zake na kupakwa masala huuzwa India, na Uingereza pia, kwa kuwa wapigaji dholi ni wengi kule. Bwana harusi anatoka ng'ambo, sivyo? Ngozi moja hulala chini ya sanduku bila taabu. Muombe akuletee, lakini mpe kipimo sahihi, na hilo nitalirudia mwishoni.

Unaweza pia kumpelekea fundi wetu wa kuwamba ngoma akuwekee ngozi ya mbuzi isiyo na masala. Ataifanya vizuri, na utapata chombo cha kupigika. Ila ujue mapema kwamba kitalia kama vumi kubwa lenye kamba shingoni, na wazee wa Kipunjabi watakaokuwepo watalitambua hilo kwa pigo la kwanza. Zipo pia besi za plastiki ambazo unyevu hauziwezi. Kwa harusi ya uwanjani msimu wa mvua za vuli ni jambo la kufikiria, ingawa mimi huziona hazina ule ukarimu wa ngozi.

Ukishapata uso mzuri, kamba yako ina pete ndogo za chuma, kila moja imeshika nyuzi mbili za kamba. Ukizisukuma, zinabana na kukaza, ukizirudisha, zinalegeza. Sogeza kila pete kiasi cha upana wa kidole, kisha nenda kwenye pete iliyo mkabala nayo upande wa pili wa pipa, usifuate mzunguko. Ukimaliza kupiga, zirudishe nusu kabla ya kulala. Usiiache dholi kwenye buti la gari wala kuifungia kwenye mfuko wa nailoni. Mfuko wa kitambaa, juu ya kabati, unatosha.

Kuhusu plastiki, rafiki yako anaipenda asili, na nia yake naiheshimu, lakini hapo amekosea. Upande mkali wa dholi nyingi leo ni plastiki, hata za wapigaji wa ukoo. Unatakiwa utoe "tak" ileile asubuhi na usiku, na plastiki haijali unyevu. Nawe uko Mombasa. Iache kama ilivyo.

Sasa mama. Nimwandikie yeye kwa heshima, maana swali lake ndilo zito kuliko yote.

Mama, ibada ya Masikh, hawa tunaozoea kuwaita Makalasinga, ina muziki wake unaoitwa kirtani, na ndani ya gurdwara, nyumba yao ya ibada, utasikia kinanda cha mkono na tabla, mahali pengine na ala za nyuzi kama rababu. Dholi haina nafasi katika ibada hiyo. Yenyewe ni chombo cha shambani na barabarani: sherehe ya Vaisakhi mwezi wa Aprili ngano inapoiva, mieleka ya vijijini, na harusi za Wapunjabi wa dini zote, Masikh, Wahindu na Waislamu. Na ukitaka kujua ni wapi dholi imekaa karibu na mambo ya roho, ni kwenye makaburi ya mawalii wa Kiislamu wa njia ya Kisufi. Mjini Lahore, kwenye kaburi la Baba Shah Jamal, kwa miaka mingi watu walikuwa wakikusanyika Alhamisi usiku kusikiliza mdundo uitwao dhamaali. Mpigaji aliyejulikana kuliko wote pale, Pappu Sain, alifariki mwaka 2021.

Tena wapigaji wenyewe kwa karne nyingi walikuwa wa koo maalumu, kazi ikirithiwa baba kwa mwana, na wengi wao walikuwa Waislamu: Wamirasi, na Wabharai waliofungamana na kaburi la walii Sakhi Sarwar. Hata Guru Nanak aliyeanzisha dini ya Masikh, msafiri mwenzake wa miaka mingi aliyempigia rababu alikuwa Mardana, mtoto wa nyumba ya Kiislamu. Jimbo la Punjab lilipokatwa vipande viwili, kimoja cha India na kimoja cha Pakistani, mwaka 1947, Waislamu wengi wa upande wa mashariki walihamia Pakistani, na wapigaji wakaenda nao. Katika Punjab ya India pengo lile lilizibwa kwa kiasi kikubwa na Wabazigar, watu waliokuwa maarufu kwa sarakasi na michezo ya viungo. Miaka ya 1950 kikundi cha eneo la Sunam, kikiongozwa na mapigo ya Bhana Ram, kilipanda jukwaa la Siku ya Jamhuri mjini Delhi. Bangra hii tunayoiona leo harusini, yenye mitindo kadhaa iliyounganishwa kuwa mchezo mmoja, ilipata umbo lake katika miaka hiyo. Kabla ya hapo jina hilo lilikuwa la mchezo wa wakulima wa maeneo kama Sialkot na Gurdaspur, wakizunguka duara na mpigaji akiwa katikati.

Kwa hiyo kijana wako hamwibii mtu ibada yake. Kama muziki wenyewe unafaa au haufai kwa Muislamu, hilo si fani yangu na sitalijibia. Mna masheikh wenu hapo Mombasa, muwaulize wao.

Na wewe, ndugu, usijione mgeni sana. Mafundi wa Kipunjabi walikuja kwa wingi kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Kisumu kati ya 1896 na 1901, na wengine wakabaki. Wapo watoto wa nyumba hizo waliozibeba ngoma zao mbele zaidi. Kuljit Bhamra, mpigaji na mtayarishaji aliyesaidia kuujenga muziki wa bangra wa Uingereza kutoka Southall, mtaa wa London, alizaliwa Nairobi mwaka 1959. Dholi iliyokaa kabatini Mombasa kwa miaka mingi ina historia ya hapa hapa.

Tuje kwenye mdundo usiochezeka. Sina shaka uliokariri ni chaali, kwa sababu ndio unaofundishwa kwanza. Neno lenyewe kwa Kipunjabi maana yake ni mwendo. Una mapigo manane, na wapigaji hawayahesabu, huyasema kwa mdomo: dha na na na, na dha dha na. "Dha" ni mikono miwili kwa pamoja. "Na" ni fimbo nyembamba peke yake kwenye plastiki. Basi besi inaangukia pigo la kwanza, la sita na la saba. Hayo unayajua tayari, na mikono yako, mpigaji wa vumi, huyapata kwa nusu saa.

Ambalo video haikukwambia ni kwamba mapigo manane hayo hayako umbali sawa. Yanakwenda mawili mawili, la kwanza refu kidogo, la pili fupi, limeegemea lile linalofuata. Kama umewahi kumsikia punda wa Lamu akikimbia mdogomdogo kwenye kichochoro, kwato zake hazisemi tak tak tak tak. Zinasema ta-ka, ta-ka, na kile "ka" kinalikimbilia "ta" linalokuja. Ukiyapiga mapigo manane kama saa ya ukutani, hakuna utakalokuwa umekosea na hakuna atakayeinuka kitini.

Weka fimbo chini kwa wiki moja. Ukitoka sokoni kwenda nyumbani, useme mdundo kwa mdomo huku ukitembea, mguu uanguke kwenye pigo la kwanza, la tatu, la tano na la saba. Utagundua kitu: besi ya sita inakuja mguu ukiwa bado hewani, na ya saba inakuja ukitua. Hiyo besi ya hewani ndiyo inayomwinua mchezaji. Mwili wako ukiizoea bila kufikiri, chukua fimbo. Nawajua wapigaji wazuri wa ngoma zetu walioisumbukia miezi mitatu kwa mikono, kisha wakaipata kwa siku mbili kwa miguu.

Na fimbo zenyewe ziwe za dholi. Ya besi inaitwa daga, ni nene na imepinda mbele kama ndoano. Mpindo huo ndio unaoikinga ngozi, kwani kinachoigusa ni ubavu wa ule mkunjo, wala si ncha. Mimi nilianza na fimbo iliyonyooka kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo, na mwalimu wangu akaniacha makusudi. Siku ya tatu ncha ilitoboa ngozi ikapita upande wa pili. Hakusema neno. Alinipa daga yake, akanionyesha jinsi kiwiko kinavyotulia na kifundo cha mkono kinavyougeuza mkunjo ule ukabusu ngozi na kuondoka papo hapo. Ukiacha daga ikae kwenye ngozi hata kidogo, unaizima sauti uliyotoka kuizaa.

Nyingine inaitwa tili, nyembamba na inayonepa, kama ufito. Kosa la sisi watu wa ngoma ni kuikamata kwa ngumi na kuchoma kwa ncha. Ishike kwa vidole, ilegee, na uilaze: karibu urefu wake wote uanguke juu ya plastiki kwa mara moja. Ukipata mlio wa kofi kali kwenye maji, umefika. Ukipata mlio wa mtu anayebisha hodi, bado unachoma.

Siku yenyewe, bwana harusi akiingia, usianze kwa kasi. Tembea naye. Macho yako yawe kwake na kwa wachezaji walio mbele yake, kwa sababu kwenye bangra mchezaji humsikiliza mpigaji, na mpigaji asiyewatazama huwachosha kabla ya kufika mlangoni. Familia mbili zinapokutana na kuvishana mashada, mara nyingi husomwa dua: hapo unanyamaza kabisa, hata tili isigongane na pipa. Muulize mapema mwenye harusi ni wapi hasa unatakiwa kuacha. Utaona pia watu wakizungusha noti juu ya kichwa cha bwana harusi kisha wakakupa wewe. Usishangae wala usikatae. Inafanana na kutunza kwetu kwenye taarab, ila kwao huko ni kumwondolea husuda. Na wanawake wakikuomba uende kwenye usiku wao wa nyimbo, ujue kule kunatakiwa dholaki. Mmoja huipiga kwa viganja akiwa amekaa chini, mwenzake hugonga pipa lake kwa kijiko, na wengine huimba na kupiga makofi. Dholi yako ingewafunika sauti.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyatibu kwa maandishi. Ukiona ufa kwenye mbao za pipa, pete iliyopinda isiyokaa bapa mezani, au vitundu vidogo vinavyomwaga unga wa mbao, mpelekee seremala au fundi wa ngoma aishike kwa mikono yake kabla hujakaza chochote. Ukikaza pipa lenye ufa, ufa unakua. Vilevile, mkanda wa dholi hulemea shingo na bega. Mkono ukianza kufa ganzi, au masikio yakibaki yakivuma hadi asubuhi baada ya mazoezi, acha na umwone daktari, na tangu leo vaa vizibo vya masikio ukifanya mazoezi ndani ya chumba. Na kama upo uwezekano wowote wa kukaa na mpigaji dholi ana kwa ana, hata mara mbili tu, nenda. Waulize wakubwa wa jumuiya ya Wapunjabi hapo Mombasa. Atakachokurekebisha kwenye kifundo cha mkono kwa dakika kumi, mimi siwezi kukiandika kwa kurasa kumi.

Utawahi? Kama una miezi miwili kamili mbele yako na ngozi mpya ikafika katikati yake, ndiyo, utawahi, kwa sababu mkono unao tayari. Lakini zikibaki wiki mbili na besi bado inalia kama sinia, usiilazimishe. Azima au kodi dholi nyingine kwa siku hiyo, na umwambie bwana harusi ukweli wote, pamoja na habari ya moto na kisu. Ile ya marehemu iweke mahali wageni watakapoiona, ikiwa nzima. Nadhani angependelea hivyo kuliko kuisikia ikipasuka njiani.

Sasa nifanyie mambo mawili. Ipige picha ile ngozi upande wa ndani, karibu na dirisha, mwanga ukitoka pembeni ili nione unene wa masala iliyobaki. Kisha pima mdomo wa pipa upande wa besi kwa sentimita, pipa lenyewe si ngozi, ukipima mara mbili kwa kupishanisha kama alama ya kujumlisha, maana mbao za zamani mara chache hubaki duara kamili. Niandikie namba zote mbili hata kama zinatofautiana kidogo, nami nitakwambia umuombe bwana harusi ngozi ya kipimo gani.